Simu za "Hongera, umeshinda!": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kama hela zimeshatoka, acha haya ya mwanzo na ushuke hadi swali lisemalo "Nimeshatuma", kwa sababu huko kila dakika ina thamani. Wengine tuanze simu inapoita.

Nimepigiwa simu naambiwa nimeshinda. Nitajuaje kama ni kweli?

Jiulize kwanza kama ulishiriki. Droo halali humpata mshindi kati ya waliokata tiketi, waliojaza fomu au walioingia kwa masharti yaliyotangazwa hadharani. Mtu hashindi bahati nasibu ya nchi ambayo hajawahi kununua tiketi yake.

Ila usitegemee swali hilo peke yake, maana tapeli analo jibu mfukoni: "Namba yako imechaguliwa na kompyuta," au "Uliingia kwenye droo moja kwa moja ulipoongeza salio." Kipimo kisichokwepeka ni kuangalia hela inaelekea wapi. Mshindi hupokea. Ukitakiwa kutoa chochote kabla ya kupokea, iwe ada, kodi, bima, usafirishaji, "dhamana ya kurudishwa" au namba yako ya siri, hapo hakuna zawadi. Kata simu. Huna haja ya kumshinda kwa hoja.

Lakini zawadi si hukatwa kodi kweli?

Katika nchi nyingi hukatwa, na ndiyo maana uongo huu unauzika. Tofauti iko kwenye mkono unaopokea. Kodi ya ushindi hukatwa na mwandaaji kabla hajakukabidhi, au unailipa mwenyewe kwa mamlaka ya kodi kwa utaratibu wake wa kawaida. Hailipwi kwa aliyekupigia, wala haitumwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

Mwambie hivi: "Kateni humo humo kwenye zawadi, mnitumie kinachobaki." Atakwambia fedha zimefungwa kisheria, au mfumo hauruhusu, au mhasibu ameshasaini. Mwandaaji halisi hakosi namna ya kukata sehemu ya fedha alizonazo mwenyewe. Nchini Marekani kanuni za mauzo ya simu zinazotumika tangu tarehe 31 Desemba 1995 zinamlazimisha muuzaji anayetangaza zawadi kusema wazi kwamba hakuna haja ya kununua wala kulipa ili kushinda.

Simu yenyewe huwaje? Wanaanzaje?

Maneno hubadilika lakini mtiririko haubadiliki sana. Huu ni mfano niliotunga kwa kufuata mtindo wao:

— Habari za leo mama, naongea na mwenye simu hii?
— Ndiyo, nani mwenzangu?
— Hongera sana mama yangu! Hapa ni kitengo cha promosheni, unaongea na meneja. Namba yako imeibuka mshindi kwenye droo ya wateja wetu waaminifu. Uko sehemu tulivu? Uko peke yako?
— Niko na binti yangu hapa.
— Basi sogea pembeni kidogo mama, maana taarifa hizi bado ni za siri. Una kalamu karibu? Andika namba yako ya ushindi. Umeandika? Nisomee nihakikishe. Safi kabisa. Sasa ofisi inafunga muda si mrefu, usikate simu, nakuunganisha na mhasibu.

Hela haijatajwa hata mara moja, lakini kazi kubwa imeshafanyika. Amesema "mwenye simu hii" kwa sababu hajui anaongea na nani. Kampuni inayomjua mshindi wake humtaja. Amejiita meneja wa kitengo bila kusema wa kampuni gani, akisubiri wewe ujaze pengo: ukiuliza "Wa benki?" atajibu "Ndiyo mama, wa benki." Amemtenga mama na binti yake, mtu ambaye angeuliza swali la pili tu simu ikakatwa upande wa pili.

Kalamu nayo ina kazi yake. Namba ya ushindi haina maana yoyote, lakini aliyeagizwa kuandika akaandika, akaagizwa kusoma akasoma, ameshazoea kutii kabla agizo la kutuma fedha halijafika. Kisha saa ya kufunga ofisi, kisha katazo la kukata simu. "Mhasibu" anayefuata huenda ni yuleyule aliyebadilisha sauti, au mwenzake aliyekaa kiti cha pembeni. Kelele za ofisi unazosikia nyuma, simu zikiita na watu wakizungumza, zinaweza kuwa rekodi tu.

Alijua jina langu na tarakimu za mwisho za kadi yangu. Tapeli angezipata wapi?

Kwingi. Kwenye kuponi ulizojaza ili ushinde gari, kwenye kumbukumbu za wateja zilizovuja, kwenye kurasa zako za mitandao ya kijamii, kwa mtu aliyeuza daftari la wateja. Jina pia mara nyingi hujitokeza lenyewe mtu anapoanza kutuma fedha kwa simu kwenda namba yako: linaonekana kabla hajathibitisha muamala, naye anaghairi.

Tarakimu nne za mwisho za kadi huchapwa hata kwenye risiti, kwa hiyo si siri. Jihadhari zaidi na neno "thibitisha". Anakusomea nusu anayoijua ili wewe umalizie nusu asiyoijua.

Namba iliyoonekana kwenye kioo ni ya benki yangu kabisa. Je, hapo niamini?

Hapana. Namba inayoonekana kwako hutumwa na upande unaopiga, na kwa njia za kupiga simu kupitia intaneti inaweza kughushiwa. Marekani iliyapa makampuni makubwa ya simu hadi tarehe 30 Juni 2021 kuweka mfumo wa kuhakiki namba ya mpigaji kwa saini ya kidijitali. Mfumo huo umesaidia kiasi fulani, lakini simu inayopita kwenye mitambo ya zamani au inayotoka nje ya nchi inaweza kufika bila uhakiki huo.

Kata, kisha upige mwenyewe namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako au kwenye mkataba wako. Usipige ile aliyokutajia, wala usibonyeze kitufe cha kurudisha simu. Kwa simu za mezani kuna ujanja mwingine: tapeli haweki mkono wa simu chini, laini inabaki wazi, anakuchezea mlio wa kupigia, nawe unadhani umepiga benki kumbe unaongea na yeye bado. Ukiwa na simu ya mezani, tumia simu nyingine kupiga.

Alikuwa na sauti ya kistaarabu, anaongea vizuri. Si dalili?

Si dalili ya chochote. Wengine huongea vizuri kuliko watoa huduma wenyewe.

Wanataka kiasi kidogo tu. Si bora nijaribu? Nikikosa, nimekosa kidogo.

Hivi ndivyo wengi walivyoanza. Ada ya kwanza huwa ndogo kwa makusudi. Kazi yake ni kukuchuja, kutenganisha anayelipa na asiyelipa. Ukishailipa, zawadi haiji, linakuja tatizo. Forodha wameizuia. Inahitajika hati ya kuonyesha si fedha haramu. Mwanasheria anataka chake. Kila tozo ni kubwa kuliko iliyotangulia, na kila mara unaambiwa hii ndiyo ya mwisho. Sasa hulipi tena kwa kutafuta zawadi, unalipa ili zile za mwanzo zisipotee. Akili inashikwa hapo, na imewashika watu wasomi, wahasibu miongoni mwao.

Mbinu ni ya zamani kuliko simu. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walipokea barua za "mfungwa wa Hispania", tajiri aliyedai yuko kifungoni, akiahidi sehemu ya hazina yake kwa atakayegharamia kutoka kwake. Aliyetuma kidogo aliandikiwa tena kwamba kimetokea kikwazo.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye salio. Namba ya aliyelipa mara moja inapanda bei. Orodha za watu wa aina hiyo huuzwa kati ya matapeli, na huko Jamaika, ambako utapeli wa bahati nasibu uliwalenga hasa wazee wa Marekani, biashara ya orodha hizo ilichochea uhasama wa magenge na mauaji. Nchi hiyo ilitunga sheria mahususi dhidi ya utapeli huo mwaka 2013.

Kwa nini wanataka vocha, kadi za zawadi au fedha za simu, na si benki ya kawaida?

Kwa sababu ya kasi na kutorudi. Namba za vocha zikishasomwa kwenye simu, zinatumika ndani ya dakika chache. Fedha za mkononi zikishatolewa kwa wakala, zimetoka. Sarafu za kidijitali hazina meneja wa kumlilia. Marekani ilipiga marufuku baadhi ya njia hizi katika mauzo ya simu kuanzia Juni 2016, ikiwemo kutuma fedha taslimu zinazopokelewa taslimu.

Wanaohamisha fedha nao wamewajibishwa: Januari 2017 Western Union ilikubali kulipa dola milioni 586 katika kesi na serikali ya Marekani, baada ya kukiri kwamba ilishindwa kuwadhibiti mawakala waliopitisha fedha za utapeli, ukiwemo huu wa zawadi. Waathirika walirudishiwa kutoka fungu hilo, lakini malipo ya kwanza yalianza 2020. Kwa hiyo kurudishiwa kunawezekana, ila usipange bajeti kwa kutegemea hilo.

Huyu hakuomba hela. Ameomba tu nimsomee namba iliyoingia kwenye ujumbe.

Hiyo ni hela. Namba ya uthibitisho ya mara moja ndiyo ufunguo wa akaunti yako, na imeingia kwenye simu yako kwa sababu yeye, wakati huo huo, anajaribu kuingia au kubadilisha neno lako la siri. Ujumbe wenyewe mara nyingi huwa umeandikwa usimpe mtu yeyote. Anajua, ndiyo maana anakuharakisha usiusome wote.

Mwingine atakuagiza ubonyeze alama fulani "ili kupokea zawadi". Ukiona unaandikishwa nyota, kisha 21, kisha nyota, kisha namba ya simu, kisha alama ya reli, ujue unaelekeza simu zako zote ziingie kwake. Benki ikipiga kuhakiki muamala, atapokea yeye. Kama umeshabonyeza, piga ##002#, ambayo kwenye mitandao mingi hufuta uelekezaji wote, kisha uwapigie watoa huduma wako wahakikishe.

Na kuna wa tatu: anakutaka upakue programu ya kutazama kioo cha simu au kompyuta kwa mbali, ya aina ya AnyDesk au TeamViewer. Programu hizi ni halali na mafundi huzitumia kila siku. Kumruhusu asiyemjua aliyekupigia yeye ni kumkabidhi kila kitu unachokiona.

Je, kila anayeuza kwa simu ni tapeli?

La. Wapo wauzaji wa kweli wanaochosha tu. Muuzaji wa kweli hutaja kampuni na bidhaa mwanzoni, hukupa bei kamili, hukubali kukutumia maelezo kwa maandishi, na ukimwambia "nitapiga mwenyewe kesho" ofa haifi. Ukimwambia akuondoe kwenye orodha, anapaswa kukuondoa. Nchi kadhaa zina daftari la wasiotaka kupigiwa. La Marekani lilianza 2003. Nyingine zimekwenda mbali zaidi kwa bidhaa fulani, kama Uingereza iliyopiga marufuku Januari 2019 simu zisizoombwa kuhusu pensheni. Huko, simu ya aina hiyo ikiingia tu, huna haja ya kuichunguza.

Daftari la namna hiyo huwazuia wanaofuata sheria. Matapeli hawalisomi, isipokuwa kwa kejeli: wapo wanaopiga wakijifanya ndio wasajili wa daftari lenyewe.

Eneo la katikati ndilo gumu. "Safari ya bure" ambayo utaipata ukihudhuria kikao cha mauzo cha saa kadhaa. "Jaribu bure" ambayo inataka namba ya kadi, kisha inakata kila mwezi. Hayo mara nyingine yako ndani ya sheria kwa unywele, na mimi nayakataa yote, kwa sababu kusoma masharti mtu akikusemesha sikioni ni kazi isiyowezekana.

Simu iliita mara moja ikakatika, namba ya nje. Nirudishe?

Usirudishe. Mchezo huu ulishamiri Japani kwanza. Simu inaita mlio mmoja, wewe unapiga kuuliza nani, unaunganishwa na laini ya gharama kubwa ambayo mapato yake wanagawana, na huko unachezewa muziki au "subiri, unaunganishwa". Mwenye shida na wewe atapiga tena au ataandika.

Ni kweli wakirekodi nikisema "ndiyo" wanaweza kuniibia?

Onyo hili lilienea sana mwaka 2017, na hata tume ya mawasiliano ya Marekani ililitoa. Mimi naliona limekuzwa. Neno moja lisilo na namba ya kadi wala neno la siri halifungui mengi. Ukitaka tahadhari, jibu "Nani mwenzangu?" badala ya "Ndiyo", lakini usiache la namba za uthibitisho ukashughulika na hili.

Nimesikia sauti ya ndugu yangu kabisa akilia anataka fedha. Hilo nalo?

Sauti siku hizi inaigwa na programu za akili bandia kutoka kwenye video fupi tu. Februari 2024 tume hiyo hiyo ya Marekani iliamua kwamba simu zinazopigwa na mashine zenye sauti za namna hiyo zinabanwa na sheria ya mwaka 1991 kuhusu sauti bandia. Kwa anayesikiliza, utaratibu ni uleule: kata, piga namba ya ndugu unayoijua. Familia zinaweza pia kukubaliana neno moja la siri la kuulizana wakati wa dharura.

Nimchezee kidogo, nimpotezee muda?

Inafurahisha, lakini unamhakikishia kwamba namba yako inafanya kazi na ina mtu anayependa kuongea. Wachache hugeuka kuwa watukanaji na kupiga usiku. Kata, zuia namba, ripoti kwa mtandao wako wa simu.

Mama yangu anaamini ameshinda, ananikasirikia nikimwambia ni matapeli. Nifanyeje?

Usianze na "Mama, umeibiwa." Ameambiwa mapema na wale watu kwamba ndugu watamwonea wivu, kwa hiyo ukifoka unatimiza utabiri wao. Anza kwa kuuliza: "Walikwambia nini mara ya kwanza, mama? Baada ya hapo wakataka nini?" Akisimulia kwa mpangilio, tozo moja baada ya nyingine, mara nyingi yeye mwenyewe husita katikati.

Kisha omba jambo dogo. "Tusitume leo, tupige wenyewe makao makuu." Sauti ya tatu husaidia kuliko ya mtoto: mtumishi wa benki anayemfahamu, kiongozi wa dini anayemheshimu, ofisa wa polisi. Kwenye simu yake weka mpangilio wa kunyamazisha namba zisizo kwenye orodha ya majina, lakini kwa ridhaa yake. Kumnyang'anya mtu mzima simu kunamfanya ajifiche, na aliyejificha ndiye wanayemtaka. Tazama pia upweke: yule tapeli huenda ndiye pekee anayempigia kila siku kumjulia hali.

Nimeshatuma.

Piga sasa hivi kwa aliyesafirisha fedha, yaani benki, mtandao wa simu au kampuni ya kutuma fedha, kwa namba yao rasmi. Sema "nimetapeliwa, zuieni muamala" na utaje namba ya muamala. Kama fedha bado hazijatolewa, huenda zikashikiliwa. Kama ulisoma namba za kadi ya zawadi, mpigie aliyeitoa kadi hiyo.

Ukitoka hapo badilisha namba ya siri na maneno ya siri kwa kutumia kifaa kingine endapo uliweka programu yoyote. Simu yako ikikosa mtandao ghafla bila sababu, nenda kwa watoa huduma: inawezekana laini yako imesajiliwa upya kwa mtu mwingine. Usifute ujumbe hata mmoja. Andika namba iliyopiga, saa, kiasi, jina lililotokea wakati wa kutuma, na maneno uliyoyakumbuka, kisha upeleke polisi ukapewe namba ya taarifa. Benki nyingi huiulizia.

Kama walikutumia hundi "sehemu ya zawadi" na umeiweka benki, usiguse hela hizo hata kama zinaonekana kwenye salio. Hundi ya kughushi inaweza kurudi wiki kadhaa baadaye na deni likabaki kwako.

Wiki chache baadaye kapiga mtu wa "kitengo cha kurejesha fedha". Anajua hadi kiasi nilichoibiwa.

Anajua kwa sababu ni wao, au wamemuuzia orodha. Huu ni mzunguko wa pili, na unawapata watu wengi kuliko wanavyokiri. Atajitambulisha kama mpelelezi, wakili au ofisa wa mahakama, atasema fedha zako zimekamatwa, halafu itatajwa ada ya kuzifungulia. Polisi hawatozi ada ya kukurudishia mali yako. Hata kwa makampuni binafsi ya kurejesha fedha, kanuni ya Marekani inakataza kudai malipo hadi zipite siku 7 za kazi baada ya mteja kukabidhiwa fedha zake mkononi. Mwambie apeleke alichonacho kwa mpelelezi wa jalada lako, mpe namba ya taarifa ya polisi, ukate.